Mgongo wa Athanasie Kwenye Dirisha

Pale Kituku, bandari ndogo ya ziwa Kivu, toka kwa wapakuzi wa mitumbwi mpaka kwa wanawake wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwa vikombe, hakuna aliyemwita Athanasie. Walimwita Mama Fuso. Jina alilipata siku aliposhuka kwenye boti la kisiwa cha Idjwi na magunia mawili ya mihogo, moja limekaa juu ya mwenzake, mkanda umekaza kwenye paji la uso, na yeye chini ya mlima huo anatafuna muwa na kumtukana nahodha. Tangu siku hiyo hata padri alimwita hivyo, amesahau kabisa kwamba Fuso ni lori.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mrefu, mkavu, shingo nene, na katikati ya paji la uso kuna mfereji mdogo uliochimbwa na mkanda, ambao haujai hata ukiupaka mafuta ya kopo zima. Kubeba alianza na miaka kumi na miwili, kwao Rutshuru. Hakuna aliyemfundisha. Mkanda ukishakaa kichwani mwili unajua wenyewe: unapiga goti, unavuta pumzi, unafunga tumbo, mgongo unakuwa mlango uliopigwa misumari, halafu miguu ndiyo inayoinuka. Wale wanaoinuka na mgongo hawamalizi mwaka bandarini, wanarudi kuuza ndizi.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, mwaka 2012, Mama Fuso huyo alikuwa ameketi kwenye benchi ya hospitali ya masista, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mkurugenzi wa shule. Dawa hakuzitaka. Alitaka mtu aliyesoma amjibu jambo moja: vita vikifika mjini, ataweza kumbeba mama yake?

Maana alikuwa amekimbia naye mgongoni mara tatu. Mara ya kwanza 1996, kutoka Rutshuru, barabara imejaa watu na ng'ombe na magodoro. Mama yake, mzee Nyiramahirwe, alianguka darajani, nyonga ikavunjika kwa sauti ambayo Athanasie aliisikia kabla ya kilio. Akamfunga mgongoni kwa vitenge viwili kama mtoto, akatembea naye siku mbili. Mara ya pili ni pale volkano ya Nyiragongo iliposhusha moto wake mpaka katikati ya mji, mbingu nyekundu kama tumbo la jiko la makaa. Mara ya tatu 2008, wanajeshi wakikimbia mbele ya raia, jambo ambalo Athanasie alilisema kwa sauti na nusura limtie matatani. Mara zote tatu Nyiramahirwe alikuwa juu, akinung'unika kwamba anatikiswa.

Sasa mizinga ilikuwa inasikika tena upande wa kaskazini, mbali, kama jirani anayehamisha makabati. Kibati, kambi ya wakimbizi nje ya mji, ilikuwa imejaa watu chini ya plastiki nyeupe. Na mgongo ndio uliochagua majira hayo kuanza kumtoroka. Tangu Pasaka, akiinuka kwenye kitanda, kitu kilikuwa kinateleza kiunoni kama droo inayotoka kidogo, halafu kinarudi: ko. Mguu wa kulia unapoa. Unyayo unakuwa kama wa mtu mwingine aliyemwazima na hajaja kuuchukua. Alijifunga kitenge kwa nguvu, akanyamaza, akapunguza gunia moja kwa siku, na wenzake Kituku wakafikiri amepata bwana.

Jumanne ya wiki hiyo alikuwa amepigwa radio, ndiyo kusema ile picha ya mifupa. Fundi wa mashine, mnene mmoja aitwaye Luc, alimsimamisha ubavu mbele ya ubao wa baridi.

"Mama, tunatafuta kuona namna mifupa yako inatembea. Picha moja utainama mbele mpaka mwisho. Ingine utajikunja nyuma. Nikisema usipumue, usipumue."

"Kuinama? Hiyo ni kazi yangu, papa. Weye piga tu."

Akainama. Akavuta pumzi, akafunga tumbo, akakaza. Mashine ikalia. Akajikunja nyuma, amekaza vilevile. Mashine ikalia tena. Akatoka pale ameridhika na nafsi yake.

Na sasa Alhamisi ameitwa kusikia majibu.

Dokta Célestin alikuwa mtu wa makamo mwenye soksi zisizofanana, mpole, wa kukohoa kabla ya kusema. Umeme ulikuwa umekwenda, basi lile sanduku la taa la kutazamia picha lilikuwa limekufa ukutani. Akachukua picha mbili, akazibandika kwa plasta kwenye kioo cha dirisha. Na dirisha lilikuwa linatazama ziwa.

Athanasie alisahau alichojia. Mifupa yake ilikuwa imesimama juu ya maji ya Kivu. Myeupe, mitulivu, mmoja juu ya mwingine, kama vijumba vya watu wasiogombana. Mtumbwi ulipita ndani ya nyonga yake, polepole, ukatokea mbavuni. Ukungu wa asubuhi ulikuwa unapanda kutoka majini na kuingia katikati ya mifupa, akaona kama anajitazama akipumua.

"Mama Athanasie."

"Nakusikia, Dokta. Huyo ni miye kabisa?"

"Ni weye. Lakini nina ulizo." Akakohoa. "Hizi ni picha mbili, ama ni picha moja mara mbili?"

Akang'oa ile ya pili, akaiweka juu ya ya kwanza. Mfupa ukalala juu ya mfupa. Hakuna kilichopishana. Hata ule mtumbwi ulipopita tena, ulipita kwenye mgongo mmoja tu.

"Hapa umeinama. Hapa umejikunja nyuma. Kiuno hakikusogea hata kidogo. Nyonga ndiyo ilizunguka, na magoti. Mugongo ni simenti."

Athanasie akaruka kutoka kwenye kiti. "Asante Yesu! Si mugongo muzima huo? Ninyi mulitaka uyumbe kama wa mulevi? Dokta, Mungu akubariki, miye narudi Kituku, boti la saa ine linaningojea."

"Ngoja kwanza. Kalamu yangu imeanguka. Niokotee, mama, miye na kitambi hiki..."

Kitambi chenyewe hakikuwapo. Athanasie akapiga goti moja, akavuta pumzi, akafunga tumbo, akaokota kalamu na mgongo umenyooka kama fimbo ya askofu, akainuka kwa miguu. Dokta Célestin akacheka mpaka akavua miwani.

"Ndio hivyo! Mama, kalamu hiyo ni gunia?"

"Gunia ama kalamu, mutu anainama namna gani ingine?"

"Ndivyo ulivyoinama kwa Luc. Ulijikaza kama unabeba. Mashine ilitafuta kuona mifupa ikiachiliwa, ukaifunga na kufuli. Picha hizi zimepiga nguvu zako. Ugonjwa hazikuuona."

"Sasa nguvu ni kosa?"

"Si kosa. Lakini hainijibu." Akafikiri. "Hakuna siku unainama bila kujikaza? Ukilima?"

"Shamba liko Rutshuru, na Rutshuru iko kwa wenye bunduki."

"Ukifagia?"

"Nafagia nimesimama. Miye si mukaza mwana wa mutu."

Dokta alitazama ziwa muda. "Na ukisha kutua? Gunia limegusa chini, mukanda umetoka kwa kichwa. Hapo unafanya nini?"

Hapo Athanasie akarudi kuketi kwenye kiti. Kwa sababu kweli, kulikuwa na kuinama kwingine. Jioni, akimshusha mama yake kwenye mkeka. Matako ya mzee yakigusa chini na mikono kulegea shingoni, mwili wote wa Athanasie unafunguka, mgongo unaviringika kama paka, kichwa kinaning'inia, na anabaki hivyo kidogo, ametoa pumzi, hana jina.

"Iko moja," alisema.

Saa nne sista aliwasha jenereta, Luc akamrudisha mbele ya ubao. Safari hii Athanasie alifumba macho. Alimweka mama yake chini, pale kwenye sakafu ya hospitali ambapo hakukuwa na mtu. Akasikia mikono ya mzee inaachia, kidole baada ya kidole. Akajiachilia. Droo ikatoka. Maumivu yakamshukia mguuni kama maji ya baridi, na ndani ya maumivu hayo alisikia Luc akisema kwa mbali, "Usipumue," naye hakuwa na pumzi ya kuzuia. Picha ya kujikunja nyuma ilimtoa machozi, akamtukana Luc kwa Kinyarwanda ili asitende dhambi ndani ya hospitali ya masista.

Wakati picha zinakauka alirudi kwenye benchi, usingizi ukamchukua amekaa. Akaota amelala kifudifudi, mrefu mno, kichwa ziwani na miguu huko Kibati. Watu walikuwa wanateremka juu yake. Walitembea peku, taratibu, kwa adabu, kama wanaopita kanisani ibada imeanza. Hawakuwa wazito. Mama mmoja alitua sufuria kiunoni, akawasha moto mdogo, akapika haragi, na Athanasie hakuungua. Aliona tu joto tamu linaenea. Akataka kuwauliza wanakwenda wapi. Lakini barabara haiulizi. Akasikiliza nyayo, na alijua kuna mtu mmoja kati yao hajapita bado, mwembamba, anayenung'unika, na kwamba akifika yeye ndipo itakapomlazimu kuamka.

"Mama, dokta anakuita."

Picha mpya zilikuwa dirishani tayari. Ukungu ulikuwa umekwisha, ziwa limekuwa bluu, na mifupa ilionekana wazi kuliko asubuhi. Dokta Célestin alipandisha picha juu ya picha, akizisogeza kwa vidole viwili mpaka nyonga ikalala juu ya nyonga.

"Tazama. Huu na huu, ndugu moja. Huu na huu, sawa. Sasa huu wa ine."

Mfupa wa nne ulikuwa mara mbili. Kivuli chake kilikuwa kimetangulia mbele, nje ya mstari, kama mtu aliyechoka foleni akapiga hatua moja kuchungulia.

"Ukiinama, unatoka. Ukijikunja nyuma, unarudi. Hapo ndipo unasikia ko." Akapima kwa kirula kidogo. "Milimita munane."

"Munane ndio ngapi?"

"Upana wa punje ya haragi."

Athanasie akaweka mkono kiunoni. "Punje moja ya haragi? Miye Mama Fuso nisimamishwe na haragi?"

"Ndiyo, mama."

"Na miaka yote hii nilibeba namna gani?"

"Nyama za mugongo wako zinashika ule mufupa kama kamba. Ndizo zilitudanganya Jumanne. Ukijikaza zinashika. Lakini mutu hajikazi toka asubuhi mpaka jioni. Ukichoka kamba inalegea, mufupa unateleza na mzigo juu yake, unakanyaga mishipa inayoshuka mguuni. Mguu unaweza kukuacha palepale, katikati ya barabara."

"Nitakuwa kilema."

Dokta akakohoa. "Ningesema ndiyo ili uogope, ungenitii. Lakini sijui. Picha haionyeshi siku. Inaonyesha tu mulango uko wazi."

Athanasie alishukuru moyoni kwamba hakudanganywa, na akamchukia kidogo kwa sababu hiyohiyo. Kisha akauliza kile alichokuja nacho kutoka nyumbani, alichokifunga kwenye kona ya kitenge cha roho.

"Mama yangu ana kilo arobaini na mbili. Tulimupima kwa mizani ya makaa. Vita ikifika, nitamubeba?"

"Hapana."

"Toka kwetu Mapendo mpaka Kituku tu."

"Hapana, mama."

"Mpaka rond-point basi, pale barabara zinapokutana. Pale atapata mutu wa kumusaidia."

"Mama Athanasie, unanipunguza kama bei ya samaki."

"Mpaka mulango wa parokia! Hata miye mwenyewe nauona mulango wa parokia toka kwetu."

Dokta alivua miwani, akaipangusa kwa tai. "Leo asubuhi alikwenda choo namna gani?"

"Nilimubeba."

"Kila siku?"

"Mara ine. Tano akikunywa chai."

Dokta alieleza mengine, sauti yake ikija na kwenda: mkanda mpana wa kiuno, mazoezi ya kulala chali na kukaza tumbo, asibebe kitu kizito kuliko kidumu cha lita tano, mzee ahamishwe na watu wawili kwa shuka, operesheni hapa haifanywi. Athanasie aliitikia "ndiyo, Dokta" kila mahali palipotakiwa. Macho yake yalikuwa kwenye ule mfupa uliochungulia. Nyuma yake mitumbwi ilikuwa inarudi Kituku, na alihesabu nani ameipakua leo badala yake.

Nyumba yao ya mbao huko Mapendo ilikaa juu ya mawe meusi ya lava, imeinama upande mmoja. Nyiramahirwe alikuwa mlangoni juani, miaka sabini na minane, mdogo kama mwanakwaya, macho mawili ya kutoboa.

"Wamekupiga picha, wakakuta nini? Ulimi umeteremka mpaka mugongoni?"

"Wamekuta uchovu, mama."

"Uchovu unaonekana kwa picha?"

"Siku hizi wanaona kila kitu."

Akaificha bahasha ya picha chini ya godoro. Kisha akapiga goti, akageuza mgongo, na mzee akapanda kama kawaida. Wakaenda chooni. Droo ikatoka, ko, akauma meno, na mama yake akanung'unika juu ya inzi.

Hivyo wiki tatu. Wasomaji watasema ni ujinga. Ulikuwa ujinga. Lakini mtu aliyebeba toka miaka kumi na miwili, ukimwambia atue, hajui aweke wapi yeye mwenyewe. Akitembea mikono mitupu barabarani alikuwa anajiona kama shati kwenye kamba, upepo unamfanya utakavyo. Kituku alikuwa amekwisha kuacha magunia makubwa, anapanga samaki kwenye mabeseni na wanawake wa nusu ya nguvu zake. Kilo zile arobaini na mbili ndizo zilizokuwa zimembakiza duniani. Usiku mmojammoja mfupa wake ulimjia usingizini, umesimama juu ya maji, unachungulia.

Kilichotoa siri yake ni zile picha zenyewe. Plastiki ile ngumu ilikuwa inalia chini ya godoro kila mzee akijigeuza: kra, kra. Siku Athanasie alipokwenda kuteka maji, Nyiramahirwe aliingiza mkono, akavuta. Akamwita jirani, Kakule, mtu wa Butembo anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya miti isiyo na pedali inayopakia shehena ya gari dogo. Kakule alikuwa nje akipaka magurudumu mafuta.

Athanasie aliporudi na kidumu chake cha lita tano alikuta picha mbili zimeinuliwa kwenye mwanga wa mlango, moja juu ya nyingine, Kakule akishika juu kwa vidole vyeusi vya grisi, mama yake akitembeza ukucha chini kutoka mfupa hadi mfupa.

"Miye naona mbavu tu," Kakule alikuwa anasema. "Kama za mbuzi."

"Nyamaza, unaharibu." Ukucha ulikuwa umesimama kwenye mfupa wa nne. Nyiramahirwe hakugeuka. "Athanasie. Hapa ndipo nilikuwa nakaa."

"Mama..."

"Najua mahali nakaa. Paja hapa, paja pale. Huu mufupa nimeusukuma miye."

"Acha kiburi! Ni mihogo ya Idjwi iliusukuma. Kilo zako mbili tatu unazitaja mbele ya mihogo?"

Kakule akacheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaweka picha chini taratibu na kukumbuka magurudumu yake.

Mzee alibaki ameshika hewa pale picha ilipokuwa. Mwanga uliingia kati ya vidole vyake, ukaonyesha mifupa yake yeye mwenyewe, myekundu.

"Toka leo," alisema, "sipandi tena."

"Utakwenda choo namna gani?"

"Nitatambaa. Nilitambaa nikiwa mutoto, sikufa."

Na alitambaa kweli, kwa matako, amekaa juu ya gunia kuukuu, akijivuta kwa mikono, mpaka Athanasie akalia kwa hasira na kumwita Kakule washike shuka, yeye kichwani Kakule miguuni. Wakazoea. Kati ya mama na binti maneno yalipungua. Athanasie alikuwa amenuna kama mtu aliyefukuzwa kazi na mwajiri wa miaka kumi na sita, na ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili ya katikati ya mwezi wa kumi na moja, Kibati iliteremka. Watu walianza kupita kabla ya misa ya kwanza kwisha. Godoro juu ya kichwa, kuku chini ya kwapa, watoto wameshikana vitenge. Hakuna aliyepiga kelele. Vumbi jeusi la lava lilikuwa limewapaka wote rangi moja, na kwenye mwanga ule mwepesi walionekana kama wanaelea, miguu haigusi chini. Kaskazini yale makabati ya mizinga hayakuwa yanahamishwa tena, yalikuwa yanaanguka. Athanasie aliwatazama kutoka mlangoni, akajua nyayo zao. Alikuwa amezisikia ndotoni, kiunoni mwake.

Akaingia ndani. Hakufikiri. Mwili unajua wenyewe. Akapiga goti mbele ya mkeka, akageuza mgongo, akatandaza vitenge viwili.

"Panda."

Hakukuja mtu.

"Mama, panda! Unangojea kadi ya mwaliko?"

Bomu lilianguka mahali, mabati yakatetemeka. Athanasie alikaa vile, amejifunga tumbo, pumzi ndani. Ndipo akasikia kiganja. Kimoja tu, kidogo, kimekaa pale pale kiunoni, juu ya kitenge, bila uzito. Kilikuwa na joto. Kilikaa muda ambao hauingii kwenye saa yoyote. Kilikuwa kinamwambia kile dokta alichomwambia, ila sasa hapakuwa na wa kupunguziana naye bei.

Akatoa pumzi. Akajiachilia. Mgongo ukaviringika taratibu, kichwa kikaning'inia, droo ikatoka, na mama yake alikuwa chini tayari, ametuliwa.

"Kakule!" Nyiramahirwe alipaza sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana. "Kakule, mutoto wa Butembo! Hayo magodoro unayopakia utarudi kuyachukua. Miye napanda leo!"

"Mama muzee, si ulisema chukudu ni ya kabichi na viazi?"

"Nipakie kama kiazi basi! Tena kiazi kizee, usinigonge!"

Wakamtoa kwa shuka, wakamkalisha juu ya ubao, mto chini, mgongo wake umeegemea mti wa usukani, miguu imenyoshwa kuelekea nyuma. Wakamfunga kwa vile vitenge viwili. Kakule akashika usukani ubavuni, akasukuma. Magurudumu ya mti yakaanza kunung'unika juu ya mawe, na Nyiramahirwe naye.

Athanasie alifuata nyuma. Njia iliyoelekea Kituku ilikuwa imejaa, lakini kwake ilikuwa kimya, kama imefunikwa blanketi. Mikono ilikuwa mitupu. Aliiweka kiunoni, akaitoa. Akaikunja kifuani, akaonekana anawakagua wakimbizi. Upepo wa ziwa ulimpitia mgongoni mahali ambapo mama yake alikuwa akikaa, na akahisi baridi pale, baridi safi, kama ukutani ulipong'olewa msalaba wa zamani.

Alipoinua uso aliona anatazamwa.

Miaka kumi na sita, vita baada ya vita, hawakuwahi kukimbia hivi, uso kwa uso. Mzee alikuwa amekodoa macho, anamsoma kama barua iliyochelewa njiani.

"Athanasie," alisema, akirushwarushwa na mawe. "Kumbe umezeeka."

"Sasa ndio unaona?"

"Nilikuwa naona kisogo. Kisogo hakizeeki." Akamtazama tena. "Na huo mufereji kwa uso, nani alikuchimba?"

"Mihogo, mama."

"Hm. Mihogo." Gurudumu likaruka, mzee akashika ubao. "Usikae huko mbali kama askari wa jela. Leta mikono hapa."

Athanasie akapiga hatua mbili za haraka, akainama kidogo, na mama yake akaikamata mikono yote miwili, akaiweka juu ya magoti yake makavu, akaifunika na yake. Haikuwa kazi. Haikuwa na uzito wa kilo hata moja. Wakateremka hivyo kuelekea majini, Kakule akipiga mluzi watu wapishe, na hao wawili wakitazamana njia nzima, wakigombana polepole kuhusu nani aliyesahau kufunga mlango.